Damu na Maneno

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Siasa. Alifundisha somo hilo katika shule ya msingi karibu na Mpwapwa kwa miaka yote ya utoto wangu. Siku hizo Siasa lilikuwa somo kamili, lina kitabu chake na mtihani wake, na mwalimu wake aliheshimiwa kuliko hata mwalimu wa Hesabu. Wageni wa wilaya wakija, baba ndiye aliyesimama kuwaeleza shule inafanya nini na kwa nini. Nyumbani alituuliza maswali ya darasani wakati tunakula. Njia kuu za uchumi zimilikiwe na nani? Tulijibu kwa pamoja, ugali mdomoni, na mama alitutazama kama watu wanaosali kwa lugha asiyoijua.

Kisha somo likafutwa. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa au kuuzwa, na maduka ya watu binafsi yalikuwa yamejaa sabuni na sukari ambazo zamani tulizipangia foleni. Mwanzo wa muhula mwalimu mkuu aliwaita walimu ofisini akawaambia kwamba sasa kuna somo jipya, linaitwa Uraia, na kwamba litafundishwa na kijana aliyetoka kuhudhuria semina yake. Baba alipewa kipindi cha Kilimo na bustani ya shule. Hakulalamika. Aliuliza tu majembe yako wapi.

Siku moja mimi na baba tulikuwa sokoni Mpwapwa, nimerudi likizo. Alinunua karanga kwa mama mmoja pale stendi, zikafungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pia. Alipoifungua akaona ni ukurasa wa kitabu chake, kile alichofundishia. Alikuwa anaujua, hata mchoro wake. Akazimimina karanga kiganjani, akanyoosha karatasi juu ya goti, akausoma ukurasa wote upande huu na upande wa pili, taratibu, kama anasahihisha. Halafu akala karanga zake. Nilikuwa kidato cha tatu na nilidhani naelewa.

Nilikuwa nasoma shule ya bweni ya wasichana, Dodoma mjini. Nilipenda Historia na Kiswahili kwa namna ambayo ilinitia hata aibu kidogo. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mmoja mfupi aliyetembea haraka, aliniazima riwaya zake mwenyewe kutoka nyumbani, moja baada ya nyingine, nikazisoma nimekaa juu ya tofali nyuma ya bafu kwa sababu huko hakuna aliyenitafuta. Baiolojia na Kemia nazo nilizifaulu, lakini nilizifaulu bila mapenzi. Nilikariri, nikaandika, nikapata alama, nikasahau.

Kidato cha nne kilipokaribia mwisho ilibidi tuchague. Aliyetaka kuendelea kidato cha tano alichagua masomo matatu ya kusoma pamoja, na kila mkusanyiko uliitwa kwa herufi zake. Watu wa sayansi walikuwa PCM na PCB. Sisi tuliopenda vitabu tulikuwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Lugha ya Kiingereza, na wenzetu wa sayansi walisema kwamba herufi hizo maana yake ni Hatuna Kazi Leo. Tulicheka nao.

Rafiki yangu aliyelala kitanda cha chini yangu alikuwa ameshachagua HKL bila hata kufikiri. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu iliyofanya biashara Dodoma tangu enzi za misafara, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa ambalo katika miaka ile lilipanuka mpaka likameza duka la jirani.

"Baba yako amesemaje?" nilimuuliza.

"Amesema nisome ninachotaka. Duka lipo."

Alisema hivyo bila majivuno, huku anasuka nywele zake. Nilirudi kitandani kwangu nikalala chali, na neno lile likanizunguka kichwani. Duka lipo. Sisi kwetu kulikuwa na nini? Kulikuwa na baba na bustani ya shule.

Jumapili ya wazazi baba alikuja. Alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Mpwapwa na vumbi lilikuwa limekaa kwenye nyusi zake. Tulikaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya bwalo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mmeshachagua?"

"Bado. Mwalimu wa Kiswahili anasema niende HKL."

Alikuwa na tabia ya kunyamaza kabla ya kuuliza swali ambalo jibu lake analo.

"Utasoma historia ya nani?"

"Yetu, baba. Ya Afrika. Na ya kwingine pia."

"Mimi nimeifundisha historia yetu," alisema. "Nimeifundisha mpaka sauti ikakauka. Nilieleza watu walitoka wapi na wanakwenda wapi. Halafu mwanzo wa muhula mmoja nikaambiwa kwamba hatuendi tena huko." Akatazama viatu vyake. "Mama, serikali haiwezi kubadilisha damu ya mtu. Awe mjamaa au awe bepari, ukiitazama damu yake utaikuta ni ileile. Soma kitu ambacho hakuna atakayekuja asubuhi kukuambia kwamba hakipo."

Alikuwa ameshaulizia. Kulikuwa na chuo cha maabara kinachochukua waliomaliza kidato cha nne, serikali inalipia, na mhitimu anapata kazi hospitalini kabla hajafungua begi lake. Nilikuwa na jibu la kumpa. Nilitaka kumwambia kwamba hata kitabu chake kilichofungiwa karanga sasa ni historia, na mtu fulani lazima aieleze. Lakini nikaona mikono yake, udongo wa bustani umeingia kwenye mistari ya viganja na hautoki, mikono ambayo zamani ilikuwa na chaki tu.

"Sawa, baba," nikasema.

Rafiki yangu alilia kuliko mimi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa tu riwaya nyingine, na hiyo hakuniomba nimrudishie.

*

Chuoni nilijifunza vizuri. Sitasema uongo kwamba niliteseka. Kuna uzuri katika kazi ile ambao watu hawaambiwi. Unachukua makohozi ya mgonjwa, unayapaka kwenye kioo, unayakausha, unayatia rangi moja, unachoma, unaosha, unatia rangi nyingine, na ukiweka jicho kwenye hadubini unaona uwanja wa bluu, na katika bluu ile vijiti vidogo vyekundu vimelala ovyo. Hao ndio wadudu wa kifua kikuu. Mara ya kwanza nilipowaona niliona ni wazuri, halafu palepale nikataka kujua makohozi yale yalitoka kwa nani.

"Hilo si swali la maabara," mwalimu alisema. "Maabara inauliza yapo au hayapo."

Alikuwa sahihi, na niliandika kwenye daftari, lakini swali halikuondoka. Lilibaki kama kokoto kwenye kiatu.

Nilipomaliza nikapangiwa hospitali moja ya misheni, magharibi ya Dodoma, kwenye tambarare zinazoelekea mbuga za Bahi. Nikapewa nyumba ya vyumba viwili na koti jeupe. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutolea majibu, na nje ya dirisha foleni ya watu wamekaa chini. Mvua zikiwa nzuri na mashamba ya mpunga yakijaa maji, malaria ilikuja kwa mikupuo na niliinama kwenye hadubini mpaka shingo ikakakamaa.

Ilikuwa miaka ambayo watu wazima walirudi nyumbani wamebeba masanduku. Kiwanda kinauzwa, shirika linavunjwa, wafanyakazi wanapunguzwa. Mimi nilikuwa na kazi. Mshahara wangu uliezeka nyumba ya baba kwa mabati, na mama aliacha kulima shamba la mbali. Baba aliwaambia watu kanisani, "Binti yangu anapima damu." Alilisema kwa utulivu, kama mtu aliyefika mahali pa kukaa.

Mimi sikuwa nimefika. Sijui niieleze vipi hali ile kwa sababu hakukuwa na kitu kibaya. Mchana wenzangu walipolala kidogo, nilizunguka uwanja wa hospitali, napita chumba cha maiti, jikoni, wodi ya wazazi, narudi, nazunguka tena. Nilihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule. Nilianza kujifunza kushona, nikaacha mkono wa blauzi haujaunganishwa. Nilianza kupanda mizabibu uani kama watu wa Dodoma wanavyofanya, ikashika, nikapoteza hamu ikiwa ndiyo inaanza kutambaa. Siku za mapumziko nilipanda gari kwenda mjini, nikanunua vitabu vilivyotumika kwa mtu aliyevitandaza chini karibu na soko, nikavisoma mpaka katikati na kuviacha, kwa sababu nikifika katikati nilijisikia kama mtu anayechungulia nyumba ya wengine.

Wakati huo rafiki yangu alimaliza chuo kikuu. Alirudi Dodoma na shahada ya Historia, na alikuta serikali imeacha kuwapangia kazi wahitimu. Kila mtu ajitafutie. Alitafuta mwaka mzima. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta dukani kwa baba yake, futi ya utepe shingoni, anampimia mteja kitambaa cha mapazia. Mteja alikuwa mama jirani yao.

"Kumbe umerudi," mama yule alimwambia. "Umesomea nini huko?"

"Historia, mama."

"Ndiyo. Lakini umesomea nini?"

Rafiki yangu alicheka kwa adabu akaendelea kukata kitambaa. Mama yule alipoondoka akakaa juu ya robota la vitenge.

"Kila siku," alisema. "Kila siku swali hilohilo. Wewe ukisema uko maabara, mazungumzo yanaishia vizuri. Mimi nikisema Historia, watu wananionea huruma kama nimefiwa."

"Mimi nakuonea wivu," nikamwambia.

"Wa nini? Wa hiki?" Akainua ule utepe.

"Umesoma ulichotaka."

"Nimekisoma, ndiyo. Sasa kinanikereketa ndani, sina pa kukiweka." Akauzungusha utepe kidoleni. "Na baba hajasema lolote. Angenifokea ningejua la kujibu."

*

Hospitali yetu ilikuwa imeanza kupima virusi vya Ukimwi. Mpimaji nilikuwa mimi. Utaratibu ulikuwa kwamba maabara inapeleka majibu kwa daktari, daktari anamwambia mgonjwa. Maabara haisemi.

Alikuja mama mmoja mjane kutoka kijiji cha mbali ng'ambo ya Bahi, mkulima na mfugaji, amejifunga kaniki, amekonda, anakohoa. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Makohozi yake yalikuwa na vijiti vyekundu, na damu yake ilikuwa na virusi. Nikapeleka majibu yote mawili kwa daktari, kijana aliyekuwa hajamaliza hata miezi michache tangu aje kutoka mjini. Alikuwa mtu mwema. Aliwasalimia wagonjwa wote na hakuwahi kumfokea muuguzi.

Baada ya muda nikamwona yule mama anakuja dirishani kwangu anatabasamu. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa mgando.

"Asante, dokta," aliniambia. Wagonjwa wetu walimwita dokta kila aliyevaa koti jeupe. "Wamenipa dawa za kifua. Na ile damu wamesema imekaa vizuri. Chukua haya."

"Wamesema imekaa vizuri?"

"Ndiyo. Niliogopa sana. Chukua, ni ya nyumbani."

Nilipokea kibuyu kwa sababu mikono yangu ilipokea. Nikaenda moja kwa moja kwa daktari.

"Yule mama umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ni positive. Nikaona hajaelewa, nikamwambia chanya. Muuguzi akamsaidia, akamwambia chanya ni kinyume cha hasi."

"Amefurahi, daktari. Amenipa maziwa."

Aliweka kalamu mezani. Tulitoka wote wawili mbio mpaka getini, lakini yule mama alishaondoka, amepata lori la mpunga linalorudi Bahi. Mlinzi alituonyesha vumbi lake.

Wiki iliyofuata gari la kliniki ya mama na mtoto lilikuwa linakwenda upande huo. Daktari aliniomba niende, kwa sababu mimi ni Mgogo na lugha ninaijua, na kwa sababu mama yule alinizoea. Nilikubali, halafu nikarudi nyumbani nikagundua kwamba sina la kusema. Kigogo nilichokijua kilikuwa cha nyumbani, cha kuitana na kutumana. Kiswahili cha hospitalini kilikuwa kile kilichomfurahisha mama wa watu. Nilijaribu kutunga sentensi nikiwa peke yangu chumbani, na kila sentensi ilisikika kama laana au kama tangazo la redio. Miaka yote ile niliyosoma, nilifundishwa kupata jibu. Kulitoa sikufundishwa.

Nikaenda dukani kwa rafiki yangu, nikamweleza, nikamwomba twende wote. Chuo kikuu alikuwa ameandika kuhusu miaka ya njaa ya Ugogo. Alikaa vijijini miezi mingi akiwasikiliza bibi wazee wakisimulia nani alikufa, nani alikwenda kuomba chakula wapi. Kigogo chake kilikuwa na lafudhi ya mjini lakini alijua kuuliza, na zaidi ya hapo alijua kunyamaza.

"Mimi si muuguzi," alisema.

"Najua."

Alivua utepe shingoni akaupachika msumarini.

Tulimkuta yule mama nyumbani kwake, mbele ya tembe, anapepeta uwele. Tulimwamkia kwa Kigogo, akatukaribisha kwenye vigoda, na kwa muda mrefu hatukuzungumzia ugonjwa. Rafiki yangu aliuliza habari za mvua, za mpunga, za ng'ombe. Kisha akamuuliza habari za marehemu. Alikuwa mtu wa namna gani? Mama akaanza kusimulia. Alikuwa mcheshi, alikuwa mchungaji hodari, halafu miaka ya karibuni alianza kusafiri kupeleka ng'ombe minadani mbali, na kurudi na redio na nguo, na huko alikuwa na nyumba ndogo ambazo mama alizisikia tu. Rafiki yangu alikuwa haandiki wala hatikisi kichwa. Alisikiliza tu. Mimi miguu ilikuwa inanichezacheza, nataka liishe, nataka niseme nitoke. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara zote mbili aliniwekea mkono kwenye goti.

"Kisha akaanza kukonda," mama alisema. "Akakohoa. Akatoka vidonda mdomoni. Walisema amerogwa na wenzake wa mnadani." Akaweka ungo chini. Akatazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. "Basi ugonjwa wake ndio huu nilio nao."

"Ndiyo, mama," nikasema. Hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoitoa, na haikuwa ngumu.

Kuku walikuja kudonoa uwele ungoni na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini yule kijana aliniambia ni vizuri?"

"Alitumia neno la shule," rafiki yangu alimjibu. "Hakutaka kukudanganya. Lilikuwa neno la shule."

Akauliza ataishi muda gani. Nilimwambia sijui, nikamwambia pia kwamba kifua kinatibika na asiache zile dawa hata akijisikia amepona. Hapo ndipo nilipokuwa na la kusema na nililisema lote, siku za kumeza, chakula, kulala dirisha likiwa wazi. Akaingia ndani akatoka na mtoto wake wa mwisho, binti mdogo mwenye usingizi machoni.

"Huyu," alisema. "Mtazame huyu."

Nilimtoa damu palepale kwenye kigoda. Niliipima hospitalini jioni hiyohiyo, kisha nikaipima tena. Hakuwa na kitu. Daktari mwenyewe ndiye aliyekwenda kupeleka habari ile, na safari hii alisema, "Mtoto ni mzima, hana ugonjwa," kwa Kigogo alichojifunza njia nzima kwenye gari. Mama alimeza dawa zake zote za kifua, akanenepa, akaishi miaka kadhaa baadaye. Alikuwa akipita dirishani kwangu kila alipokuja kliniki.

Watu wanaposikia habari hii hutaka kuitumia kushinda ubishi wa sayansi na masomo ya sanaa, na hushinda upande wowote wautakao. Mimi sikushinda lolote siku ile. Bila kipimo changu tusingekuwa na la kwenda kusema, na bila rafiki yangu ningelisema vibaya. Nilirudi na gari la kliniki nikiwa nimekosa raha kuliko nilivyokwenda.

Hospitali ilimwomba rafiki yangu awafundishe wauguzi na waganga namna ya kuzungumza na wagonjwa. Kulikuwa na wafadhili waliolipia kitu kinachoitwa ushauri nasaha. Alikuja na mkeka wake, aliwakalisha watu chini, akawafanya wasimulie wenyewe jinsi walivyowahi kupewa habari mbaya. Muuguzi mkuu, mama mkali, alilia mbele ya wote. Niliingia kila nilipopata nafasi, nikakaa nyuma karibu na mlango. Kisha mradi ukafika mwisho wake, wafadhili wakaelekea kwingine, na wa kwanza kuondolewa alikuwa yeye. Mimi nikabaki, maana hadubini haiwezi kukaa bila mtu. Siku aliyoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani.

"Wewe hawawezi kukuondoa," alisema, si kwa uchungu.

"Hata mimi mwenyewe siwezi kujiondoa," nikamjibu.

Alipata kazi baadaye, Mwanza, kwa watafiti waliohitaji mtu wa kuhoji wavuvi. Kila baada ya mkataba alitafuta mwingine.

*

Mimi nikajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Historia, Kiswahili, Lugha ya Kiingereza. Nilisoma mchana mezani pale maabara, kitabu upande huu, vioo vinakauka upande ule. Daktari alinikuta mara moja akauliza nasoma nini, nikamwonyesha. "Na ukifaulu?" akauliza. Nikasema sijui. Nilifaulu. Nikaomba chuo kikuu nikakubaliwa.

Nilikwenda Mpwapwa kumwambia baba. Alikuwa amestaafu, anakaa kibarazani chini ya mabati yale, redio pembeni.

"Una kazi ya kudumu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Una nyumba."

"Ndiyo."

"Na unaiacha, uende ukasome Kiswahili. Lugha ambayo unaizungumza."

"Ndiyo, baba."

Alipunguza sauti ya redio. Nilisubiri arudi kwenye habari za damu na serikali, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Hakurudi. Alisema, "Umri wako si wa kuzuiwa." Baada ya muda akasema tena, chini zaidi, "Ninaogopa tu. Wewe hujui mtu anavyojisikia asubuhi ile." Nikamwambia kwamba hilo silijui, kweli. Tukanywa chai. Hakunipa baraka na hakuninyima.

Chuoni nilikuwa mtu mzima kati ya vijana, na kwa miaka mitatu nilisoma kwa njaa. Nitakuwa mwongo nikisema zote zilikuwa siku za furaha. Nilipokaa mhadharani wakibishana maana ya shairi kwa saa nzima bila kufika popote, kidole changu kilikuwa kinatafuta kirekebishio cha hadubini, kile cha kuzungusha mpaka picha itulie. Hakikuwepo. Picha haikutulia, na wao walifurahi hivyo. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu kwamba maabarani nilikumbuka maneno, na sasa kwenye maneno nakumbuka maabara. Alinijibu kwa kifupi kwamba nisimletee hadithi, nimalize.

Nikamaliza. Nikapangiwa ualimu katika sekondari moja ya Dodoma, mojawapo ya zile zilizokuwa zinafunguliwa haraka haraka wakati ule. Mkuu wa shule alizisoma karatasi zangu kwa makini, shahada juu, cheti cha maabara chini yake. Akakichomoa cha chini akakiweka juu.

"Mwalimu, hapa walimu wa Kiswahili ninao wanne," alisema. "Wa Baiolojia sina hata mmoja. Utanisaidia Baiolojia. Na Kemia, kidato cha kwanza na cha pili."

"Mimi nimesomea Kiswahili, mkuu."

"Naona. Lakini uliwahi kushika hadubini, sivyo?"

Nilipompelekea baba habari hiyo alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nikiwa mdogo, alicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilianza kukasirika, halafu nikashindwa, nikacheka naye. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Na Kiswahili?" akauliza.

"Wamesema labda mwakani."

"Mwakani," alirudia, akatikisa kichwa, na nikaona anafikiria jambo lake mwenyewe.

Nilifundisha Baiolojia mwaka mzima. Wanafunzi walinipenda, nadhani, kwa sababu nilisimulia sana. Mwaka huo mwingine ulifika bila Kiswahili, na nikaomba uhamisho. Kwenye nafasi ya kueleza sababu sikuwa na sababu, nikaandika ya kifamilia. Nikapelekwa shule mpya ya kata upande wa Mpwapwa, ambayo haikuwa na mwalimu wa Baiolojia wala wa Kiswahili. Nikafundisha vyote viwili, asubuhi kimoja, mchana kingine, na nilipotembea kurudi nyumbani jioni nikiwa na chaki mpaka kwenye viwiko, sikuweza kusema nimechoshwa na kipi.